Gari Dogo, Mlima Mrefu: Injini Ipi Inafaa Meru na Embu?

Anayetafuta gari dogo la familia lililotumika huambiwa achague injini ndogo kabisa ili aokoe petroli. Ushauri huo unamfaa mtu wa Mombasa. Kwa mkazi wa Meru au Embu unaweza kuwa hasara. Mji wa Meru uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini isiyo na tabo (turbo) hupoteza takriban asilimia 15 ya nguvu zake. Toyota Vitz ya cc 1000, yenye nguvu farasi 70 hivi, hubaki na 60. Ukipakia watu wazima watano na gunia la viazi, umeongeza kilo 400 kwenye gari lisilofika tani moja. Hapo anza kupanda kutoka daraja la Nithi: gia inarudi chini, pedali inafika mwisho, na injini inameza petroli ile ile uliyodhani utaokoa.

Injini ya Toyota ya 1NZ-FE, inayoitwa ya cc 1500 na iliyofungwa kwenye Vitz kubwa, Probox na Fielder nyingi, ina nguvu farasi 109 hivi. Hata mlima ukichukua sehemu yake, hubaki zaidi ya 90. Wapo watakaosema ushuru utapanda, lakini injini hiyo ni cc 1496, chini ya kikomo cha cc 1500 ambapo ushuru wa bidhaa huongezeka. Wengine watataja injini ndogo zenye tabo. Ni kweli tabo hufidia wepesi wa hewa, ila hudai oili sahihi na fundi anayeijua. Ikifa, bei yake humaliza akiba ya miaka. Na anayezunguka mjini Embu peke yake, cc 1000 inamtosha.

Hata hivyo, ukubwa hauponyi injini iliyochoka. Mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika, uisikie injini ikiamka baridi. Injini ikiwa bado baridi, fungua kifuniko cha oili. Ukikuta utando mzito wa rangi ya maziwa, huenda maji yanaingia kwenye oili, kwa hiyo fundi akague gasketi kabla hujalipa. Kisha lipandishe gari mlima likiwa na abiria. Injini ya cc 1300 iliyotunzwa ni bora kuliko ya cc 1500 iliyopuuzwa. Zote zikiwa nzima, chukua ya cc 1500.