Vitanzi vya Risasi Kiboriloni

Kwenye mitumba ya Kiboriloni niliokota koti la kaki lenye vitanzi vya ngozi kifuani, vinne kila upande. "Vya kuwekea peni hivyo, mangi," muuzaji akanihakikishia. Nikachomeka peni yangu. Ikapita moja kwa moja hadi chini kwenye turubai. Kilichoenea ni kidole cha mwisho. Koti lile lilishonwa kwa ajili ya risasi za kuulia tembo na nyati, mfano zile za .375 zilizotoka Uingereza mwaka 1912, ambazo moja tu ni ndefu kuliko kidole changu cha kati.

Siku hizi Moshi kila mwanamume ni mangi: konda, fundi, hata mteja asiyejua bei. Zamani jina hilo lilikuwa na mwenyewe, mtawala, na bunduki pia zilikuwa zake. Barabara inayopanda kutoka Kiboriloni kwenda Old Moshi ndiyo ya kwao Mangi Rindi, ambaye watu wa pwani walimwita Mandara. Misafara ilipata kwake chakula, pembe na mateka. Yeye akapata magobore na baruti. Mtu wa kawaida aliwinda kwa mkuki na mashimo ya mtego. Kijana aliyeonekana na gobore begani alikuwa amebeba mali ya mangi.

Nalo gobore, kwa tundu la mtutu, linazishinda bunduki nyingi za leo. Upana huo haukuwa mbwembwe. Baruti nyeusi ni dhaifu na risasi ya duara haina mwendo, kwa hiyo uzito wa risasi ndio uliotegemewa kufanya kazi. Unamimina baruti mdomoni, unashindilia kwa mdeki, unatia risasi, unashindilia tena, unapachika fataki, ndipo unalenga. Ukikosa, unaanza upya, na aliyekosewa hasubiri. Ndiyo maana silaha hii ilipenda migomba na makorongo, mahali pa kumvizia mtu kwa karibu. Juni 1892 Mangi Meli, mwana wa Rindi, aliwashinda Wajerumani walioongozwa na von Bülow, na von Bülow mwenyewe akafa. Mwaka uliofuata walirudi wakiwa wengi na silaha nzito, wakamshinda. Machi 2, 1900 wakamnyonga.

Ila kisa kinachonikaa zaidi ni cha 1898. Inasimuliwa kwamba mtumwa aitwaye Senoussi, akiwindia bwana wake, mfanyabiashara Shundi, alimuua tembo kwenye miteremko ya Kilimanjaro kwa bunduki ya kushindilia. Meno ya tembo huyo yalikuwa takriban kilo mia kila moja, na ndiyo mazito kuliko yote yaliyowahi kuandikwa. Yaliuzwa Unguja, na leo yako London. Senoussi alimnyemelea mnyama yule mpaka karibu, karibu kiasi ambacho mimi ningekuwa juu ya mti. Bunduki haikuwa yake. Meno hayakuwa yake. Hata mwili wake ulikuwa na mwenyewe.

Sasa jirani anayetaka bunduki huanzia serikali ya mtaa na kuishia polisi, na wengi huishia njiani. Kule Mweka, kwenye chuo cha wanyamapori kilichoanzishwa 1963, vijana hufundishwa silaha kama sehemu ya kazi. Bunduki kubwa za starehe huja na wageni, na mwenyeji anayesoma nyayo hutembea mbele. Mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, wawindaji wenye vibali waliua tembo madume wenye meno marefu waliovuka kutoka Amboseli, Kenya, hadi Enduimet, upande wa pili wa mlima huu. Wakenya walipiga kelele sana. Huku kwetu mjini sikusikia hata bodaboda akizungumzia jambo hilo.

Koti nililinunua, baada ya mangi mmoja na mangi mwingine kuvutana kwa shilingi elfu mbili. Fundi pikipiki wa jirani alilitazama kifuani, akatoa bisibisi mfuko wa nyuma na kuijaribisha kwenye kitanzi cha kwanza. Ikakaa sawasawa. Akaniuliza natakaje.