Vidonge vya Ukimwi Havizuii Kaswende

Ndugu msomaji wa Himbi, ikiwa umemeza vidonge vya ukimwi kila siku kwa miaka mingi, umefanya vema. Virusi vikipungua hata kipimo cha damu kisivione tena, na vikabaki hivyo, humwambukizi mwenzi wako ukimwi katika tendo la ndoa. Lakini vidonge hivyo hulinda mlango mmoja tu. Kaswende huingia kwa mlango mwingine.

Kaswende huanza mara nyingi kwa kidonda kisichouma. Baada ya majuma machache hupona chenyewe, na mtu hudhani amepona. Sivyo! Ugonjwa umejificha mwilini. Baadaye waweza kudhuru macho, moyo na ubongo, hata kumwua mtoto tumboni.

Basi mwombe mganga wa hospitali akupime damu, hata kama huoni dalili. Sindano ya penisilini huponya kaswende. Jambo hili limejulikana tangu mwaka 1943. Mume na mke watibiwe wote wawili, na wajizuie mpaka mganga aseme. La sivyo mmoja atamrudishia mwenzake. Usione haya. Wala usiache vidonge vyako.