UNATAKA KUFIKA MIAKA 100? INUKA MEZANI KABLA HUJASHIBA!

Na Mwandishi Wetu

MWAKA 1965, katika mji wa Arles huko kusini mwa Ufaransa, mwanasheria mmoja aitwaye André-François Raffray aliona kapata ulaji wa nguvu. Bibi mmoja mjane wa miaka 90, ambaye mume, mtoto na mjukuu wote walishatangulia mbele ya haki, alikubali kumwachia nyumba yake kwa sharti moja dogo tu: amlipe faranga 2,500 kila mwezi mpaka siku atakayofariki. Bibi akifa, nyumba inakuwa ya bwana.

Jamaa wakati huo alikuwa na miaka 47. Akapiga hesabu zake: bibi wa miaka 90, atasogea mpaka wapi? Akasaini.

Kilichofuata si mchezo. Mwaka ukapita, ukapita na mwingine, bibi yumo tu. Alipofika miaka 100 alikuwa bado anaendesha baiskeli! Mwanasheria alilipa miaka 30, na Desemba 1995 akafa yeye, akiwa na miaka 77. Hela aliyokwishalipa ilizidi mara mbili ya thamani ya nyumba, na hakuwahi kulala humo hata usiku mmoja. Mkewe akalazimika kuendelea kulipa.

Bibi huyo ndiye Jeanne Calment, aliyefariki tarehe 4 Agosti, 1997 akiwa na miaka 122 na siku 164. Mpaka leo hakuna binadamu mwingine aliyethibitishwa kwa karatasi kufikia umri huo. Mwaka 2018 walijitokeza Warusi wakadai ati huyo hakuwa Jeanne bali binti yake, aliyechukua jina la mama ili kukwepa kodi ya urithi. Watafiti wa Ufaransa wakapekua tena makaratasi yote, na mwaka 2019 wakasema bibi ni yule yule.

ALIKUWA ANAKULA NINI?

Hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Bibi Calment alipenda chokoleti kiasi cha kilo moja kwa wiki, alikunywa divai, na sigara hakuiacha mpaka alipofika miaka 117. Kilichokuwa kizuri katika sahani yake ni mafuta ya zeituni, ambayo alipenda pia kujipaka usoni.

Sasa wewe usikimbilie dukani kununua pakiti ya sigara! Mtu mmoja aliyenusurika si ushahidi. Wapo waliovuka barabara wamefumba macho wakafika ng'ambo salama, lakini hakuna mzazi anayemfundisha mwanawe kuvuka hivyo. Isitoshe, bibi huyu aliolewa na mwenye mali, hakuwahi kufanya kazi ya kuajiriwa, na bila shaka alizaliwa na damu ya pekee.

Ukitaka kujua chakula kinafanya nini, usimtazame mtu mmoja. Tazama watu wengi wanaokula chakula kimoja. Kwa hiyo twende Okinawa.

KISIWA CHA WALA VIAZI

Okinawa ni visiwa vilivyo kusini kabisa mwa Japani, na kwa miaka mingi vilisifika kwa kuwa na wazee waliovuka 100 kuliko karibu mahali pengine popote. Chakula chao kikuu kilikuwa nini? Si wali, na wala si samaki mbichi kama tunavyodhani kila tukisikia Mjapani. Ni viazi vitamu!

Ndiyo, hivyo hivyo unavyovionea haya ukiwa na mpenzi wako mjini kwa kuwa ati ni chakula cha shamba. Viazi hivyo viliingia huko mwaka 1605 kutoka China, vikawaokoa na njaa kila kimbunga kilipofagia mazao mengine. Hesabu za mwaka 1949 zinaonyesha kwamba karibu asilimia 70 ya nguvu yote waliyoipata kwenye chakula ilitoka kwenye viazi vitamu, na kwamba mtu mmoja alikula karibu gramu 850 kwa siku. Majani yake nayo hawakuyatupa. Ndiyo, matembele!

Juu ya hapo waliongeza maharage ya soya, mboga za majani, mwani, karela na manjano. Nyama ya nguruwe walikula, lakini kwa msimu na sikukuu, tena ilichemshwa muda mrefu mafuta yakaenguliwa.

Kubwa zaidi ni desturi yao moja. Kabla ya kula, mzee wa Okinawa hujikumbusha maneno matatu: hara hachi bu. Maana yake ni kwamba tumbo lijazwe sehemu nane kati ya kumi, kisha uinuke. Si neno geni kwetu. Waislamu wanafundishwa kugawa tumbo mafungu matatu, moja la chakula, moja la maji na moja la pumzi. Tatizo ni kwamba tukishika sinia la pilau harusini, fungu la pumzi tunalisahau.

Si Okinawa tu. Jiroemon Kimura, mzee wa Kyotango katika mkoa wa Kyoto, alifanya kazi posta, akastaafu, akalima. Naye alisisitiza kula asilimia 80 tu ya shibe. Alifariki Juni 2013 akiwa na miaka 116, na ndiye mwanaume aliyeishi miaka mingi kuliko wote waliothibitishwa.

Wanasayansi nao wamelipima jambo hili. Huko Marekani walichukuliwa watu 218 wenye afya njema, na wengi wao wakaambiwa wapunguze chakula kwa robo kwa miaka miwili. Robo iliwashinda, wakaweza kama asilimia 12 tu. Hata hivyo, majibu yaliyotoka mwaka 2015 yalionyesha kwamba uzito, presha na mafuta mabaya kwenye damu vilishuka. Kama wataishi zaidi, hiyo ni hesabu ya miaka mingi ijayo.

Angalia lakini: hii siyo kupiga pasi ndefu! Kushinda na njaa kwa kuwa umechacha, halafu usiku ukafidia kwa sahani mbili, siyo hara hachi bu.

WAJUKUU WAKAHARIBU

Sasa sikia sehemu inayouma. Baada ya vita mwaka 1945 Okinawa ilikuwa chini ya Wamarekani mpaka 1972. Wanajeshi walikuja na nyama za makopo na baga. Mwaka 1963 mgahawa wa A&W ulifunguliwa huko, wakati Japani bara McDonald's ya kwanza ilikuja mwaka 1971. Vijana wakaona viazi ni ushamba. Wakahamia kwenye vya kukaangwa na soda, na dukani pa jirani wakawa wanakwenda kwa gari.

Matokeo? Mwaka 1995 wanaume wa Okinawa walikuwa wa 4 kwa umri wa kuishi kati ya mikoa 47 ya Japani. Mwaka 2000 wakaporomoka mpaka nafasi ya 26, nchi nzima ikashtuka. Mwaka 2020 walikuwa wa 43. Wanawake, waliozoea kuongoza, walikuwa wa 16. Damu ni ile ile ya mababu, kisiwa ni kile kile. Kilichobadilika ni sahani na miguu. Wapo wazee wa miaka 90 waliozika watoto wao wa miaka 60.

WAONGO NAO WAMO

Si kila anayeitwa mzee ni mzee. Mwaka 2010 maofisa wa Tokyo walikwenda kumpongeza mzee waliyeamini ana miaka 111. Wakakuta maiti iliyokauka kitandani! Alikuwa amekufa miaka 32 nyuma, na familia ilikuwa inakula pensheni. Msako ulipopigwa, zaidi ya watu 230,000 waliotajwa kwenye daftari kuwa na miaka 100 na kuendelea hawakujulikana waliko. Mtafiti Saul Newman, aliyepewa tuzo ya kuchekesha ya Ig Nobel mwaka 2024, anasema sifa nyingi za visiwa vya wazee zimejaa makosa ya aina hiyo. Okinawa yenyewe daftari zake nyingi ziliungua vitani.

Hata ukiwatoa waongo wote, kuporomoka kwa vijana wa Okinawa kunabaki pale pale, maana hao vyeti vyao ni vya juzi.

SASA WEWE JE?

Asubuhi chapati na supu, mchana chipsi mayai, jioni bia na mishikaki, kutoka kituoni mpaka nyumbani mtaa mmoja unatafuta usafiri. Kitambi kinakuja, unaambiwa umenawiri. Presha na kisukari havipigi hodi.

Hakuna anayekukataza chipsi. Ila viazi vitamu vya kuchemsha na matembele vipo sokoni kwa bei ya chini, na mama ntilie ukimwomba apunguze wali aongeze maharage hatakuchukia. Tembea. Kaa na wenzako pia: wazee wa Okinawa wana vikundi viitwavyo moai, marafiki wanaochangishana fedha na kukutana miaka nenda rudi. Kwetu tunaviita upatu.

Miaka 122 tumwachie bibi Calment. Sisi tuombe 80 ya kutembea kwa miguu yetu wenyewe. Na ukiona mtu anakupigia hesabu ya lini utakufa ili achukue nyumba, msainie tu, halafu nenda kale kiazi.