Kazi Isiyoondoka na Msafara

Serikali inapotoa fedha za kuijenga nchi, watu huuliza kwanza: kazi ngapi zitapatikana? Swali hilo ni la haki, lakini halitoshi. Lililo kubwa zaidi ni hili: ujenzi ukisha, ni kazi zipi zitakazobaki? Mji wa Tabora unalo jibu, maana ulikwisha kulilipia gharama.

Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita Unyanyembe. Mnyamwezi alikuwa mpagazi mwenye sifa bara na pwani. Alichukua begani mzigo wa karibu frasila mbili, akalipwa kwa nguo, na mvua zilipokaribia akarudi kulima. Kazi ile ilikuwa ngumu, na wengi walifia njiani. Hata hivyo maelfu ya watu waliitegemea.

Reli ya Kati ikafika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Behewa moja likachukua mizigo ya mamia ya wapagazi. Watu wale walikosa kazi yao, wala utawala wa kikoloni haukuwaandalia nyingine nyumbani kwao. Wengi walikwenda mashamba ya mkonge ya Morogoro na Tanga, wakawa manamba. Reli haikuwa na hatia. Hatia ilikuwa ya sera iliyojali mizigo ikasahau watu.

Mnamo Desemba 2021 Serikali ilitia sahihi mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Makutupora hadi Tabora, kilomita 368. Kuchimba, kumwaga zege na kufunga mataruma ni kazi za kweli, na mshahara wake hulisha nyumba. Lakini taruma la mwisho likifungwa, kibarua huagwa. Sera ikiishia hapo, tutakuwa tumeurudia mwaka 1912.

Yako mambo matatu yanayopasa kufanywa.

Kwanza, ufundi. Tabora kuna chuo cha reli. Kila mkataba mkubwa wa Serikali uwe na sharti la kufundisha vijana wa mahali penyewe, ili aliyeingia na sururu atoke na cheti.

Pili, mazao yatengenezwe yalikolimwa. Kwa miaka mingi tumbaku ya Urambo na Sikonge imesafirishwa hadi Morogoro kuchambuliwa na kufungwa kwa soko la nje. Pamba ya Igunga na Nzega, na asali na nta ya misitu ya miombo, zingeweza kuajiri mikono mingi kabla ya kupanda gari moshi. Mali ikiondoka ghafi, huondoka pamoja na kazi yake.

Tatu, viwanda vitunzwe. Atakuwapo mtu wa kusema, “Tulijaribu, tukashindwa.” Ni kweli. Tabora ilijengewa kiwanda cha nyuzi, Tabotex, nacho kikasimama. Katika miaka ya 1980 viwanda vingi vya umma vilikosa fedha za kigeni za kununulia vipuri, vikafanya kazi chini sana ya uwezo wao. Lakini funzo la hayo si kuviacha viwanda. Funzo ni kwamba jengo na mashine havitoshi. Kiwanda, kiwe cha Serikali, cha ushirika au cha mtu binafsi, kinahitaji umeme wa kutegemewa, mkopo wenye riba nafuu, na mnunuzi wa hakika. Mnunuzi huyo Serikali yenyewe yaweza kuwa: mashuka ya hospitali na sare za askari vishonwe kwa nguo ya pamba yetu. Huenda bei ikawa juu kidogo mwanzoni. Lakini kijana asiye na kazi naye ana gharama yake, na gharama hiyo hulipwa na wazazi wake.

Ndugu wafanyakazi, katika mikutano yenu waulizeni madiwani na wabunge si idadi ya vibarua tu. Waulizeni ni mafundi wangapi watakaobaki, na ni mali gani itakayotoka Tabora ikiwa imekwisha kutengenezwa. Asiye na jibu la maswali hayo bado hajawa na mpango wa kazi.