KIVULI NI AMANA



Mji wetu wa Tunduma uko nyanda za juu, na wengi husema huku hakuna joto. Wanafunzi wa zamu ya alasiri wanajua vingine. Ifikapo Oktoba, kabla ya mvua, bati la darasa huwaka mpaka watoto wakasinzia juu ya juzuu zao. Zamani walihamia chini ya mwembe uani. Mwembe ule tuliukata sisi wenyewe tulipoongeza darasa.

Kwa nini mjini huwa na joto kuliko shambani? Bati, saruji na lami hufyonza joto la jua mchana kutwa, kisha hulitoa usiku. Mti hufanya kazi mbili: huzuia jua lisifike chini, na majani yake hutoa mvuke unaopoza hewa, kama mtungi wa udongo upozavyo maji.

Miji mingine imelizingatia hili. Dodoma, mji mkavu, ulianzishiwa kampeni ya kuufanya wa kijani mwaka 2017. Medellín, nchini Kolombia, ulianza mwaka 2016 kupanda miti kandokando ya barabara na mito, na taarifa za mji huo zinasema joto limepungua kwa takriban nyuzi 2.

Lakini kupanda peke yake hakutoshi. Mche usio na mlinzi huliwa na mbuzi, na mti usio na kanuni hukatwa. Sheria Na. 8 ya mwaka 1982 inazipa halmashauri za miji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Kwa njia hiyo mji unaweza kuagiza kila kiwanja kiwe na miti, au mti wa barabarani usikatwe bila kibali.

Kwetu Waislamu jambo hili si geni. Mtume (S.A.W.) aliifanya Madina kuwa eneo takatifu, akakataza miti yake isikatwe. Alionya pia juu ya kuchafua kivuli wanachopumzikia watu, na akafundisha kuwa apandaye mti huandikiwa sadaka kwa kila kiumbe kinachokula humo.

Basi nasi tujiwekee kanuni. Mvua zikianza, kila darasa lipande mche wake, mwembe au mparachichi, na liumwagilie kiangazi chote. Na sisi walimu tusikate tena mti kabla ya kuwashauri wazazi na kupanda miwili.

Wabillahi tawfiq.