Asilimia mbili nyuma ya kitufe kisicho na jina

Sheria inazitaka halmashauri, Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela zikiwamo, zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Zabuni za umma nazo zina fungu la asilimia 30 la makundi maalumu, wenye ulemavu wakiwamo. Si haba. Lakini tangu Julai 2023 zabuni hizo hupitia mfumo wa mtandaoni, NeST. Kikundi cha wasioona kinachotaka kuuzia hospitali sabuni hakina tena dirisha la kugonga. Kina fomu ya kujaza.

Asiyeona hujaza fomu kwa kibodi na programu inayosoma skrini kwa sauti, kama NVDA, ambayo ni ya bure. Programu hiyo husoma alichoandika mtengenezaji ndani ya msimbo. Alama ya bahasha isiyopewa jina itatamkwa "kitufe", basi. Tangazo lililopigwa skani ni picha tu, halina neno la kusomwa. Na ukurasa wa Kiswahili usiotambulishwa hivyo huweza kusomwa kwa matamshi ya Kiingereza, hadi jina la wilaya ya Nyamagana lisitambulike hata na mkazi wake.

Kanda ya Ziwa ina jambo la ziada. Shule ya Msingi Mitindo, Misungwi, imelea watoto wengi wenye ualbino, na ualbino huambatana na uoni hafifu. Maandishi ya kijivu juu ya weupe, mtindo wanaoupenda wabunifu wetu sijui kwa nini, huwafungia nje. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti, WCAG, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1.

Gharama? Tovuti ikijengwa kwa kufuata mwongozo huo tangu mwanzo, ni ndogo. Kurekebisha baadaye ni kubomoa ukuta ili upitishe bomba. Mbunifu hafanyi hivyo kwa sababu mteja hajaagiza. Kenya ilitoa kiwango cha taifa cha ufikivu wa kidijitali mwaka 2022. Hapa Tanzania tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, ila soko bado linauza "ipendeze".

Mteja anaweza kuanza mwenyewe. Kabla ya kulipa awamu ya mwisho, achomoe kipanya, abonyeze Tab kuanzia juu ya ukurasa, aone kama atafika kwenye malipo.