Tairi pana mbele, kipara nyuma: somo la barabara ya Isingiro

MDOGO wangu alisimamisha gari kando ya barabara ya Isingiro, akanionyesha kingo ya udongo iliyomeguka kabla hata hajaniuliza habari za mama. Ilikuwa Aprili 2024, mvua zimekolea, nami nilikuwa nimetoka Bujumbura kwa njia ya kuzunguka: Kobero, Ngara, Karagwe, kisha Murongo hadi Kikagati. Burundi ilikuwa imefunga mpaka wake na Rwanda Januari mwaka huo, kwa hiyo njia yetu ya kawaida ya Kigali haikuwapo.

"Hapa ndipo nyuma ilipotangulia, kaka," alisema.

Siku ile hakuwa peke yake. Binti yake wa miaka saba alikuwa kiti cha nyuma, wakirudi kutoka Mbarara kwa daktari. Waliingia kona ya kushoto kwa mwendo wa kama kilomita 70 kwa saa, lami imelowa. Akaona bodaboda mbele, akaachia mafuta ghafla. Mkia wa gari ukachomoka, gari likazunguka na kugota kwenye kingo likitazama lilikotoka. Hakuna aliyeumia. Lakini tangu siku hiyo shemeji aliapa mtoto hapandi tena gari lile, na akataka liuzwe.

Kuliuza si jambo dogo. Gari ndilo linalolisha nyumba. Mchana analikodisha kwa safari za Base Camp na Mbarara, na jioni analifuta kwa kitambaa laini kama mtu anayefuta miwani.

Ni Toyota Altezza, ile ya silinda sita, lita mbili, nguvu za farasi 160, yenye kuendeshwa na magurudumu ya nyuma. Toyota iliziunda kati ya 1998 na 2005. Tangu Uganda ilipopiga marufuku mwaka 2018 uingizaji wa magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi, Altezza zilizobaki nchini zinarithishana vipuri zenyewe kwa zenyewe, rimu na matairi yakiwamo. Humo ndimo shida ya mdogo wangu ilimoanzia.

Sisi ni watoto wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura unaosema Kiswahili na kunuka grisi, maana kila uchochoro una gereji. Tulikimbia Machi 1995, ghasia zilipoingia Buyenzi na Bwiza. Mimi nilikuwa na miaka 12, yeye mitano. Nakivale ilikuwa imeanza kupokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, wa kwanza wakiwa Wanyarwanda. Serikali huiita makazi, si kambi, kwa sababu watu hupewa viwanja vya kulima. Sisi tuliita kambi, na tunaendelea kuiita hivyo.

Mzingo wa duara nilifundishwa hapo, chini ya turubai, na mwalimu aliyechora kwa mkaa juu ya ubao wa sanduku. Sekondari na ualimu nilimalizia Mbarara. Mwaka 2008 nilirudi nyumbani, na hadi leo nafundisha fizikia. Mdogo wangu alibaki. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu kufanya kazi, naye alishajifunza kunyoosha bodi na kupiga rangi. Ndiyo maana gari lake linang'aa. Matairi ni elimu nyingine.

Nilichuchumaa nikasoma namba. Mbele alikuwa amefunga 225/45R17, meno mazuri bado. Nyuma 205/45R17, karibu kipara. Altezza za rimu ya inchi 17 zilitoka kiwandani na 215/45R17 pande zote nne.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuzisoma namba hizi: 225 ni upana wa tairi kwa milimita, 45 ni urefu wa ukuta wake kama asilimia ya upana huo, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Tairi la kiwandani lina kipenyo cha milimita 625 hivi. Yale ya mbele yalikuwa 634, ya nyuma 616. Kwa kila kilomita moja ya mbele yalizunguka kama mara 502, ya nyuma mara 516. Kompyuta ya breki za ABS, inayolinganisha mizunguko ya magurudumu, ilikuwa inasomewa habari za magari mawili.

Nilimuuliza kwa nini aliweka mapana mbele. Akasema mwuzaji wa matairi ya mtumba alikuwa na mawili tu, na akamweleza kwamba mbele ndiko kwenye injini na usukani, basi mbele ndiko kunakotaka nguvu. Maneno haya nimeyasikia Bujumbura, nimeyasikia Mbarara, na yamezungusha magari mengi.

Gari kwenye kona linafanya mambo mawili kwa pamoja. Linageuka, na uzito wake unahamia magurudumu ya nje. Tairi linapoongezewa mzigo mshiko wake unaongezeka pia, ila si kwa kiasi kilekile. Ukimtwisha punda magunia mawili badala ya moja, hatembei mara mbili. Ekseli inayofikia kikomo kwanza ndiyo inayoteleza kwanza. Ikiwa ni ya mbele, gari linakataa kugeuka na kwenda moja kwa moja. Dereva anashtuka, anaachia mafuta, uzito unarudi mbele, na mara nyingi gari linatii tena. Ikiwa ni ya nyuma, kuachia mafuta kunazidisha ubaya, kwa sababu uzito uliokuwa unaikandamiza nyuma umeondoka. Ndivyo ilivyokuwa siku ile. Kwa mikono yake mwenyewe alikuwa ameupa mbele mshiko na kuunyima mkia, kisha mvua ikaja kumaliza hesabu.

Tulikwenda gereji moja mjini Mbarara. Fundi ni Mkongomani wa Bukavu, mtu wa maneno mengi na mikono mizuri. Dawa yake ilikuwa tayari: 245/40R17 nyuma, 215/45R17 mbele. "Kama BMW, mwalimu," akaniambia.

Sikumdharau, maana hesabu yake ilikuwa safi. Ukipanua tairi inabidi upunguze asilimia ya ukuta ili kipenyo kisibadilike, na 245/40 inatoa milimita 628, tofauti isiyofika nusu ya asilimia. BMW 330i ya mwaka 2001 yenye matairi ya kispoti ilikuwa na 225/45R17 mbele na 245/40R17 nyuma. Porsche 911 GT3 ya siku hizi ina 255 mbele na 315 nyuma, na ina sababu: injini yake imekaa mkiani.

Tatizo ni kwamba Altezza hii si Porsche. Injini iko mbele, na nguvu za farasi 160 hazihitaji tairi la 245 ili zifike barabarani. Rimu zake zina upana wa inchi saba. Tairi hilo likibanwa humo kuta zake zinavimba na gari linayumba. Zaidi ya hapo, tungekuwa tumelivuta gari upande wa pili kupita kiasi: mkia umenata, pua haigeuki. Afadhali hivyo kuliko ilivyokuwa, nakubali. Ila kwenye kona zile pua isiyogeuka inaishia ndani ya migomba ya watu.

Nikamtajia fundi Toyota GT86 ya mwaka 2012, gari la kispoti lililopewa 215/45R17 pande zote nne, saizi ileile ya Altezza, tena matairi ya Michelin Primacy ambayo yalifungwa pia kwenye Prius. Waliolisanifu walitaka gari lenye mizani, dereva ahisi mshiko unapoanza kuisha. Hakupinga. Alicheka tu kwamba mwalimu amekuja na mtihani.

(Mwenye Subaru asisumbuke na mjadala huu. Gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne linataka matairi manne ya saizi moja na uchakavu unaokaribiana, la sivyo difu ya katikati inachemka na kuharibika. Mbarara zimejaa Forester na Impreza zenye tairi moja geni.)

Kilichoamua shauri ni barabara yenyewe. Ukiacha lami kuingia Nakivale unapokewa na changarawe, matope na mashimo. Mbarara ni mji wa mbio za magari, na kijana yeyote aliyepanda kilima kutazama raundi ya mashindano ya taifa anajua magari yale hayavai tairi pana kwenye vumbi. Hata kwenye mbio za dunia, tairi la changarawe ni 205/65 la rimu ya inchi 15, lakini kwenye lami wanafunga 235/40 la inchi 18. Tairi jembamba linachimba hadi kufikia udongo mgumu. Pana linaelea juu ya kokoto.

Basi tukatafuta rimu za inchi 16. Fundi alihakikisha zinapita breki, tukafunga 205/55R16, manne, mapya. Kipenyo ni milimita 632, asilimia moja tu juu ya kiwanda: mshale ukisoma 80, gari linakwenda karibu 81. Ukuta unafika milimita 113 badala ya 97, na hizo 16 ndizo zinazookoa rimu shimoni. Upepo tulijaza kufuata kibandiko cha mlangoni, siyo kwa kupiga teke.

Manne kwa mkupuo yalimaliza akiba yake na sehemu ya nauli yangu ya kurudi. Ningekuwa na fedha za mawili tu, ningeyafunga nyuma. Watengenezaji wa matairi wanashauri hivyo hata kwa gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, na bado watu wanabisha. Kwa wanaonunua mtumba, kuna namba nne ubavuni mwishoni mwa maandishi ya DOT: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Yale mapana ya mdogo wangu yalisoma 0911. Meno yalikuwepo, lakini mpira ulikuwa umekauka kama kiatu kilichosahaulika darini.

Tulirudi ile kona siku ya mvua, barabara tupu, sisi wawili. Aliingia kwa 50, kisha 60. Mara ya tatu akaachia mafuta katikati ya kona kwa makusudi. Usukani ukawa mwepesi kidogo, pua ikasogea nje kama nusu hatua, kisha gari likajirudi. Akarudia tena, bila kusema kitu.

Shemeji hakushawishika kwa hesabu zangu. Jumamosi alipanda mwenyewe hadi sokoni Mbarara na magunia mawili ya nyanya, akarudi jioni. Kuhusu matairi hakusema neno. Alisema mkanda wa kiti cha nyuma haufungi, na mpaka ufunge mtoto atabaki kupanda basi. Nilipoondoka asubuhi yake, mdogo wangu alikuwa amekwisha kukitoa kiti nje, anatafuta bolti.